Moniteri na Isogo Nyekundu

Filimbi yake ilikuwa inalia hivi: prrrii, kimya kidogo, halafu pri-pri, kama ndege aliyekwama kwenye koo la paka. Mpaka leo, polisi wa barabarani akipuliza yake pale njia panda, mukono wangu unakimbia wenyewe kwenda kuficha mboga.

Tulimuita Moniteri. Zamani serikali ilikuwa na watu wa kuzunguka vilimani kuwaonyesha wakulima namna ya kupanda maharagi kwa mustari, na mutu wa namna hiyo aliitwa moniteri wa kilimo. Huyu wetu, mushahara wake ulikufa kwanza, kazi nayo ikafuata, lakini filimbi ilibaki. Alikuwa anaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hapa Katoyi, mutaa wetu mujini, ambako mahali pengi hata sindano haiingii chini kwa sababu ya mawe ya volkano, yeye aliendelea kuwa moniteri wa kilimo. Kilimo hakikuwepo. Moniteri alikuwepo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukagua beseni la mama yangu. Mama alikuwa anauzisha mboga mbele ya nyumba yetu: sombe, lenga-lenga, na hasa isogo, ile mboga chungu ambayo watu wa mbali wanaiita mnavu. Sasa isogo ziko mbili, na hapo ndipo balaa yetu ilipoanzia.

Ya kwanza ina majani mapana, laini, ya kijani nzito, na matunda yake yakiiva yanakuwa meusi kama macho ya panya. Hiyo inapenda udongo. Inatoka kwenye bustani za upande wa Lac Vert, inaingia mujini juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, imefungwa vizuri kama mutoto wa tajiri anayepelekwa kubatizwa. Ya pili ni ndogo, majani yake yana vinywele, ukiyashika yananatanata, na matunda yake yakiiva yanakuwa rangi ya chungwa, hata jua linapita ndani yake. Hii haimuhitaji mutu. Inajiotea yenyewe katikati ya mawe, nyuma ya choo, chini ya ukuta wa kanisa, popote vumbi limeketi kidogo kupumzika. Mama alikuwa anazichanganya. Ukizichemusha na kumwaga mayi ya kwanza, tofauti inabaki ndogo tu: ile ya mawe ina uchungu zaidi, uchungu ule unaokufanya ukate tonge lingine la bukari, ugali wetu, bila kufikiri.

Moniteri aliita ya kwanza nyeusi na ya pili nyekundu. Haikuwa nyekundu hata siku moja. Lakini nafikiri aliona kwamba chungwa haliogopeshi mutu.

Alikuwa anafika asubuhi, wateja wakiwa wamejaa. Koti lile lile la kaki, mifuko minne, yote mitupu. Buti za mvula hata jua likiwaka. Anasimama juu ya beseni, anapuliza, kisha anashika jani moja kwa vidole viwili kama mutu anayeokota soksi ya mwenzake.

"Mubyara! Leo tena unauzisha batu kifo?"

"Kifo kimekukataa wewe," mama anajibu bila kuinua kichwa, "njo maana unakuja kukitafuta kwa beseni yangu."

"Angalia hii jani. Iko na manyoya. Mboga gani iko na manyoya?"

"Hata wewe uko na manyoya kwa masikio, na bibi yako alikubali umuoe."

Lazima nieleze hilo neno mubyara, maana bila hilo mutafikiri walikuwa maadui. Kwetu, mutoto wa shangazi yako au wa mujomba wako ni mubyara wako, na mubyara ndiye mutu unayeweza kumutukana barabarani, mbele ya pasta, bila mutu kuita wazee waje kutengeneza mambo. Matusi ni haki yake. Ukiacha kumutukana, atauliza kama umekasirika. Moniteri na mama wote walitoka vilima vya Masisi, na siku ya kwanza tu walipokutana hapa, yeye alitafuta kwenye ukoo wao mupaka akapata shangazi mumoja aliyeolewa mahali fulani. Hakuna mutu aliyewahi kuelewa ile hesabu. Mama alisema: "Alitaka tu ruhusa ya kunitukana. Nikamupa."

Basi walicheka wote wawili. Shida ni kwamba wateja nao walicheka, halafu, wakiwa bado wanacheka, walirudisha fungu la mboga kwenye beseni na kwenda kununua kwa mama wa jirani. Moniteri hakuona hilo. Alikuwa mutu wa kuona jani, si wa kuona uso.

Alikuwa hata ametunga wimbo. Yeye anapiga kelele, "Nyeusi?" Watoto wote wa kartiye tunaitika, "Kwa sufuria!" Yeye, "Nyekundu?" Sisi, "Kwa shimooo!" Mimi, binti ya muuzaji mwenyewe, niliimba kuliko wote, maana wimbo ulikuwa mutamu na mimi siwezi kuacha wimbo mutamu upite. Kisha jioni nilikuwa nakula ile ile nyekundu, kwa sababu wakati wa kiangazi bustani zinakauka na mawe peke yake ndiyo yanaendelea kutoa mboga. Tulikula nyekundu mwezi wa saba, tukakula mwezi wa nane. Hatukufa. Jambo hilo halikumusumbua Moniteri hata kidogo.

"Ni sumu ya polepole," alisema.

Nimekuwa mutu muzima sasa. Ni ya polepole kweli.

Nikianza kuhesabu mambo yake yaliyopishana, kalamu itaisha. Alituhubiria kula mboga mupaka tukazichukia, lakini asubuhi ya kutupa takataka kijumba chake kilitoa mikebe ya sardini iliyolia kama kengele za kanisa. Alifundisha akina mama kutengeneza mbolea kwa kinyesi cha mbuzi, yeye mwenyewe akiwa amesimama mbali, leso puani, akionyesha kwa fimbo. Alisema mukulima wa kweli anajulikana kwa kucha, na kucha zake zilikuwa safi kama za bibi-arusi. Siku mvula ya mawe ilipoangukia vibeseni alimopanda karoti zake, alilia kweli, machozi, na wiki ile ile alipita nyuma ya nyumba za watu akiing'oa isogo nyekundu, shina kwa shina, anaikanyaga na ile buti. Alikuwa anaing'oa na mizizi. Mama mumoja alimukuta kwenye ua wake.

"Muzee, ulipoteza nini hapa kwangu?"

"Niko nakuokoa."

"Asante. Sasa okoa mulango, ufunge ukitoka."

Na ndiye huyo huyo ambaye, mama alipolala na malaria, tulikuta mulangoni fungu la isogo nyeusi, limefungwa kwa ugwe wa ndizi, mistari yote ya majani upande mumoja kama askari. Nilipomushukuru alishituka. "Mimi? Mimi sina mboga za kutupa." Lakini hapa Katoyi nzima hakuna mutu mwingine anayefunga mboga kwa mustari.

Kuna jambo lingine, ambalo lilitufurahisha sana tukiwa watoto. Hakuvumilia kuona mutoto na tunda la isogo mudomoni. Lolote. Hata la nyeusi, ile aliyoisifu kama mukwe mwema. Hata lililoiva, ambalo watoto wa kila mahali wanalila na kubaki na meno ya zambarau. Akiona hivyo, filimbi ilikuwa inalia mupaka mishipa ya shingo inasimama, anakimbia na buti zake, poa-poa-poa, anakushika taya, anatia kidole mudomoni na kukitoa kile kitunda. Kile kidole kilikuwa na ladha ya tumbako. Sisi tulikuwa tunaweka matunda mudomoni makusudi, tumuone akikimbia. Ulikuwa muchezo wetu wa bure.

Siku moja nilimuomba anieleze hasa kwa nini moja ni chakula na nyingine ni kifo, maana mimi naziona zinafanana. Alifurahi. Hakuna kitu kilichomufurahisha kama mutu kuuliza. Alichora mimea miwili kwenye majivu ya mama kwa ncha ya fimbo, jani kwa jani, akaweka hata vinywele.

"Hizi mbili ni babyara," alisema. "Moja ni mutoto wa shangazi, ingine mutoto wa mujomba. Sura moja, roho mbili."

Mama alikuwa anachagua maharagi pale pembeni. "Kama ni babyara," akasema, "acha zitukanane. Ni nani alikwambia uue moja?"

Moniteri alifuta ule mchoro kwa buti. Mimi nikafikiri ni utani wao tu.

Sasa niseme mambo yangu kidogo, maana yanamuhusu. Mimi nilisoma mupaka ya tatu ya sekondari, halafu masomo yakasimama yenyewe kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Sikulia sana, kwa sababu nilikuwa na malewa yangu kichwani. Malewa ni mahali pa kula pa watu kama sisi: benchi, sufuria, moshi, sahani ya haraka. Ya kwangu nilikuwa nimeijenga yote kwenye mawazo. Viti vya rangi moja. Pazia lenye maua. Kibao mulangoni, kimechorwa sahani inayotoa moshi, na moshi wenyewe umekunjika kama unacheka. Chakula kikubwa kingekuwa isogo ya mama, kwa mawese na harufu ya samaki ya chumvi ya Vitshumbi. Magoti ya mama yalipokataa kukaa barabarani, nilisema, basi ndiyo sasa. Tulipata mbao, tukapata bati. Viti vilikuwa vya rangi tatu. Moshi kwenye kibao ulitoka kama mukia wa mbuzi. Sijali, ni malewa yangu.

Lakini usiku na mchana nilikuwa na hofu moja, na haikuwa ya mvula wala ya moto. Watu wa hapa hawachezi na neno sumu. Mutu mumoja akisema tu, pole pole, "pale kwa yule binti...", utafunga mulango mwenyewe na kuuza sufuria. Na mimi kiangazi kingenikuta na nyekundu peke yake. Filimbi moja ya Moniteri mulangoni pangu, wimbo mumoja wa "kwa shimo", na malewa imekufa, na mimi na mama yangu na magoti yake tungeanza tena kutafuta.

Mara ya mwisho nilimuona ni hapo, kwenye malewa, siku chache kabla ya binti yake kuja kumuchukua akakae naye Rutshuru. Barabara ya Sake, ile inayopitia Lac Vert, ilikuwa imefungwa tena. Sitaeleza kwa nini, kila mutu wa hapa anajua na amechoka. Chukudu za Lac Vert hazikufika. Kwenye sufuria kulikuwa na nyekundu tupu, niliyoichuma kati ya mawe, na kipande cha samaki kwa harufu. Ndani walikuwepo wasukuma chukudu wawili wasiokuwa na mizigo, na mama fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, na mutoto wake magotini. Walikuwa wanakula vizuri. Nilikuwa nimeanza hata kuimba.

Halafu nikasikia: fffff. Kimya kidogo. Ff-ff.

Kile kimbegu cha ndani ya filimbi kilikuwa kimeanguka, sijui tangu lini. Ilitoa upepo tu. Lakini mukono wangu ulisharuka kwenye kifuniko cha sufuria. Alikuwa amesimama mulangoni, koti la kaki limemuwia kubwa, macho yana utando mweupe.

"Binti ya mubyara. Nini iko kwa sufuria?"

"Isogo, Muzee."

"Isogo ya wapi?"

Ingekuwa rahisi sana. Mboga iliyopikwa haina vinywele, haina matunda, na yale macho yasingemuona hata ng'ombe. Neno "Lac Vert" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Lakini nilimutazama shingoni, ile kamba ya kiatu imechakaa mupaka imebaki uzi, nikashindwa kumudanganya mutu ambaye maisha yake yote yalikuwa jambo hilo moja.

"Ya hapa kwa mawe," nikasema. "Ile mubyara mubaya."

Musukuma chukudu mumoja aliweka tonge chini. "Aa! Sasa njo ile unatulisha?" Mama fundi akamuvuta mutoto wake mbali na sahani. Yule wa pili hakumeza wala hakutema. Alibaki na shavu limevimba, akingojea kujua hatima yake.

Moniteri aliingia, akatafuta benchi kwa mukono, akakaa.

"Mayi ya kwanza ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Na matunda?"

"Nilitoa yote, Muzee. Yenye kuiva na mabichi, yote."

"Mabichi ulitoa?"

"Yote."

Alikuwa anageuza filimbi vidoleni. Kisha alianza kusema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akiniangalia mimi, au mahali alipofikiri mimi niko.

"Kule kilimani, nikingali kijana, nilipuliza hii. Batoto ba masomo bakakuja mbio. Nikabaonyesha isogo, nikabaambia, angalieni, hii njo chakula. Sikusema majani. Nilisahau kusema majani." Akaigeuza filimbi tena. "Nikaenda kunywa chai kwa mukubwa wa masomo. Bo bakabakia pale na njala yabo. Bakakula matunda. Moja hakuamuka."

Mama fundi alimukaza mutoto wake kifuani.

"Pale pembeni kulikuwa shina moja ya nyekundu. Nikasema, njo hii imemuua. Batu bakaing'oa. Mi bakaniacha."

"Na ile balikula ilikuwa gani?" akauliza yule wa shavu, maneno yakipita kando ya tonge.

"Mbichi, mutoto wangu. Ikingali mbichi, zote ni kijani. Hakuna mutu anaweza kujua ni ya nani."

Nilikumbuka kile kidole cha tumbako mudomoni mwangu, na sisi tukicheka.

"Leta sahani," Moniteri akasema.

Nilimuwekea bukari na isogo nyekundu. Alinawa, akakata tonge, akalichovya, akalipeleka mudomoni, na malewa nzima tukatazama koo lake. Lilipanda, likashuka. Akakata lingine. Lilipanda, likashuka. Mutoto wa mama fundi alifungua mudomo pamoja naye kila mara. Aliendelea hivyo mupaka katikati ya sahani, ndipo akainua kichwa, na ghafula ile sauti yake ya zamani ikarudi, ya kukagua beseni.

"Chumvi haitoshi."

"Muzee!" Musukuma chukudu alipasuka kicheko. "Kuko mpaka samaki ya chumvi ndani!"

"Wewe ni moniteri ao mimi? Nimesema chumvi haitoshi."

Nyuma ya ukuta wa mbao, ambako alikuwa amelala na magoti yake, mama yangu aliita: "Mubyara! Unakula kifo bila kusali?"

"Njo maana ninaomba chumvi!"

Wakacheka wote, na mikono ikarudi kwenye sahani. Yule wa shavu alimeza hatimaye, akafumba macho kidogo, akaona bado yuko hai, akaomba aongezwe mboga. Mama fundi alimutilia mutoto wake majani mudomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Moniteri alifuta sahani kwa tonge la mwisho mupaka ile bati ikaangaza. Akiondoka, alisimama mulangoni na kupuliza filimbi. Fffff. Hakuna aliyemucheka.

Walipokwisha kwenda wote, na mama amesinzia, nilibaki peke yangu na sufuria. Nilichota kidogo kwa mwiko, nikaonja pole pole. Chumvi ilikuwa inatosha kabisa.

Nikaongeza kidogo.